Warumi walioga kwa senti, lakini nani aliwasha moto?

Juzi usiku kwenye grupu yetu ya WhatsApp jamaa mmoja alitupa picha ya magofu ya mabafu ya Caracalla kule Roma. Kuta za matofali zinazopita ghorofa nyingi za mtaani kwetu, na watalii chini wanaonekana kama sisimizi. Akaandika kwamba hawa watu walikuwa na bafu la umma lenye maji moto miaka 1,800 iliyopita, na sisi huku ploti nzima tunapigania bomba moja. Vicheko vikamiminika. Mwingine akasema yeye heri angezaliwa Roma. Nilicheka pia, halafu nikanyamaza, kwa sababu hii stori inanigusa mahali.

Mimi niliwahi kuwasha moto wa bafu.

Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, na kabla sijaanza kuandika huku mtandaoni nilifanya kazi miezi minane kwenye bafu la kulipia nyuma ya steji moja hapa Nairobi. Maji baridi shilingi 20, maji moto 30, kipande cha sabuni 10. Wateja walikuwa makanga, watu wa mjengo, wamama wanaotoka sokoni alfajiri na wasee ambao ploti yao maji yamepotea wiki nzima. Kazi yangu ilikuwa kufika saa kumi alfajiri, kupanga mabaki ya mbao tuliyonunua kwa seremala, kuwasha chini ya mapipa mawili na kuhakikisha ikifika saa kumi na moja na nusu mwenye 30 yake anapata maji yanayotoa mvuke. Nililipwa 350 kwa siku. Macho yalikuwa mekundu hata Jumapili, na majirani walishaamua kwamba navuta bangi.

Kwa hivyo watu wakiangalia picha ya Caracalla wanaona ukubwa. Mimi cha kwanza ninachouliza ni, kuni zilikuwa zinaingilia wapi?

Nimesoma hii kitu kwa miezi kadhaa sasa, na acha niseme wazi kwamba nusu ya yale jamaa alisema ni kweli. Warumi waliamua kuoga ni shughuli ya mji mzima. Nyumba za kupanga za Roma zilikuwa maghorofa ya watu wengi, vyumba vidogo, maji ya bomba hayapandi juu. Ukitaka kuoga vizuri unatoka nje. Na ukitoka nje, bei ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha. Waandishi wao wanataja sarafu moja iliyoitwa quadrans, robo ya sarafu ya shaba iliyoitwa as. Pale Pompeii kuna tangazo la kilabu cha pombe lililobaki ukutani: divai ya bei ya chini kabisa as moja, nzuri kidogo mbili, ile ya maana nne. Yaani kwa bei ya glasi moja ya divai mbaya ungeoga mara nne. Kwa bei zangu za steji, ile 30 yako haikupi hata robo ya chupa ya bia, lakini mtu wa mjengo akioga kila siku mwezi mzima anahisi mfukoni. Mrumi wa kawaida aliweza kwenda kila siku, na wengi walienda.

Walienda mchana. Hapa Mswahili anaelewa haraka kuliko Mzungu, kwa sababu Warumi walihesabu saa kuanzia macheo kama sisi. Kuna vibao vya bronzi vilivyochimbuliwa Aljustrel, Ureno, mahali palipokuwa na machimbo ya madini yaliyoitwa Vipasca, vyenye masharti ya kuendesha bafu la pale wakati wa mfalme Hadrian. Wanawake kuanzia alfajiri hadi saa saba. Wanaume kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku. Huhitaji kutafsiri kitu. Bei nayo imeandikwa: mwanamume nusu as, mwanamke as nzima. Ndiyo, mara mbili. Wanajeshi na watoto bure. Dada zangu wanaolalamika kwamba kila kitu cha wanawake huuzwa ghali zaidi, malalamishi yenu yana umri mkubwa kuliko mlivyodhani.

Ndani ilikuwaje? Unavua nguo kwenye chumba chenye vishimo ukutani vya kuweka vitu vyako, kama makabati ya jimu bila milango. Unapakwa mafuta. Ukitaka unafanya mazoezi kidogo, unacheza mpira, unanyanyua vyuma. Halafu unaingia chumba cha uvuguvugu, kisha cha moto ambako unatoka jasho la kweli, na mwisho unajitosa kwenye maji baridi. Sabuni hawakuitumia kuogea. Walikuwa na kikwaruzo cha chuma kilichopinda kama mundu mdogo, na kwa hicho walikwangua mafuta, jasho na uchafu vyote pamoja kutoka kwenye ngozi.

Na kelele! Mwanafalsafa Seneca aliwahi kukaa juu ya bafu moja na akamwandikia rafiki yake barua kuhusu yale masaibu. Anaeleza wanyanyua vyuma wanavyoguna, kiganja cha anayekanda watu kinavyopiga mabega ya mteja, mtu anayependa sauti yake mwenyewe akiimba ndani ya maji, mwizi aliyeshikwa, mnyoa vinyweleo vya kwapa anayetangaza kazi yake kwa sauti nyembamba na hanyamazi hadi apate mteja, na akimpata sasa ni mteja anayepiga mayowe. Wauza soseji na keki kila mmoja na mlio wake. Mimi nikisoma hiyo barua nasikia steji. Badilisha keki iwe mahamri na umefika.

Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda, siwezi kudanganya. Mahali ambapo kijana asiye na pesa anaweza kukaa jioni nzima, mwenye joto na msafi, bila mtu kumwuliza ataagiza nini. Niambie hapa mjini utakaa wapi masaa matatu bila kununua kahawa ya 300 au askari wa kaunti kukuamsha kwenye benchi. Mabafu makubwa ya wafalme yalikuwa na bustani na vyumba vya mazungumzo ndani yake, na mengine maktaba.

Lakini nani alilipa? Hapo ndipo stori ya grupu inaanza kupwaya. Mabafu yalikuwa siasa. Mwaka wa 33 KK, Agrippa, rafiki na mtu wa mkono wa yule aliyekuja kuwa mfalme Augustus, alishika cheo cha kusimamia majengo na maji ya mji, na mwaka huo akafungulia watu mabafu 170 bure. Baadaye akajenga yake, akaleta mfereji wa maji uitwao Virgo mwaka wa 19 KK (ule ambao mpaka leo umekarabatiwa na bado unalisha chemchemi ya Trevi ambako watalii hurusha sarafu), na alipokufa mwaka wa 12 KK akawaachia wananchi bafu lake kwa wosia. Hiyo ni kampeni, na ilifanya kazi. Caracalla naye, mwenye yale magofu ya kwenye picha, alimuua ndugu yake Geta mwaka wa 211, na mwaka wa 216 akafungua bafu la kuweza kupokea watu 1,600 kwa wakati mmoja. Ukimwaga damu nyumbani, wape watu maji moto. Mwaka uliofuata naye akauawa. Jina ndilo limebaki kwenye jengo.

Majina walipenda kwelikweli. Kwenye bafu la karibu na uwanja mkuu wa Pompeii kuna beseni kubwa la marumaru, na ukingoni kwake herufi za bronzi zinakutajia viongozi waliolisimamia na gharama yake, sesta 5,250. Pembeni kuna benchi na jiko kubwa la makaa, zawadi ya bwana mmoja aliyeitwa Vaccula, na kwa sababu jina lake linamaanisha ng'ombe mdogo, akachongesha ng'ombe juu yake ili hata asiyejua kusoma ajue nani wa kushukuru. Mkenya yeyote aliyewahi kuona choo cha umma chenye jina la mheshimiwa kubwa kuliko mlango hahitaji maelezo zaidi.

Sasa twende chini ya sakafu.

Joto la Kirumi halikutoka kwa jiko lililowekwa chumbani. Sakafu ya chumba cha moto ilijengwa juu ya viguzo vifupi vya matofali, futi mbili hivi kwenda juu kwa maelezo ya Vitruvius, mwandishi wao wa ujenzi. Nje kulikuwa na tanuri, na hewa ya moto na moshi vilipita chini ya sakafu nzima, vikapanda kupitia mabomba ya udongo yaliyofichwa ndani ya kuta. Mfumo huo unaitwa hipokausti. Vitruvius anashauri sehemu ya chini ijengwe kwa mteremko kiasi kwamba ukirusha mpira ndani unarudi wenyewe hadi mdomo wa tanuri, ndio moto uweze kusambaa vizuri. Juu ya tanuri unaweka mapipa matatu ya bronzi, la baridi, la uvuguvugu na la moto, yamepangwa ili maji yakitoka kwenye la moto yanajazwa na ya uvuguvugu, na ya uvuguvugu yanajazwa na ya baridi. Niliposoma hapo nilisimama. Miezi minane nilikuwa najaza pipa la moto kwa ndoo ya maji baridi, yanapoa, wateja wanafoka, naanza upya. Vitruvius angenipa jibu kwa pipa moja la ziada. Miaka 2,000 imepita na hakuna aliyeniambia.

Juu, sakafu ilikuwa moto kiasi kwamba watu walivaa ndara za mbao. Na huko nyuma kwenye tanuri kulikuwa na mtu. Kwenye mabafu ya Caracalla njia za chini kwa chini ni pana kiasi cha mkokoteni kupita, kwa sababu kuni hazikuisha. Mteja hakuzitembelea. Jengo lilichorwa hivyo makusudi: marumaru juu, moshi na watu wa moshi chini, na wasikutane.

Hao watu wa chini wengi walikuwa watumwa. Na kuna barua moja ambayo mimi naona kila anayesifu mabafu ya Roma asome kwanza. Mwaka wa 111 au 112 hivi, gavana Pliny alimwandikia mfalme Trajan kutoka jimbo la Bithinia, Uturuki ya leo. Amekuta wahalifu waliohukumiwa wanafanya kazi za watumwa wa mji na kulipwa, afanye nini nao? Trajan anamjibu: waliohukumiwa juzi warudishwe kwenye adhabu zao, wazee waliohukumiwa zaidi ya miaka 10 iliyopita wapewe kazi zinazokaribia adhabu. Na anazitaja. Kuhudumu kwenye mabafu, kusafisha mitaro ya maji taka, kutengeneza barabara. Mfalme mwenyewe, aliyejenga bafu kubwa Roma lenye jina lake, alijua vizuri kazi ya bafu ni ya aina gani. Aliiweka kwenye sentensi moja na mtaro wa choo.

Ndiyo maana nilinyamaza kwenye grupu. Ile quadrans ilikuwa bei ya mteja. Bei kamili ililipwa na mapafu ya mtu asiyetajwa. Vile vibao vya Vipasca vinamwambia aliyekodi bafu apashe maji moto kila siku kwa gharama zake, asiuze kuni, apake vyombo vya bronzi mafuta kila baada ya siku 30, na akizembea faini yake inaweza kufika sesta 200. Vyombo vimekumbukwa. Mwenye kusukuma kuni sikumwona mahali popote kwenye maelezo niliyosoma.

Kuna watakaoniambia kwamba angalau walikuwa sawa pale ndani, tajiri na maskini uchi pamoja. Hapa nina stori ya Hadrian, mfalme aliyependa kuoga na watu wa kawaida. Siku moja akamwona mwanajeshi mstaafu aliyemfahamu tangu jeshini akijisugua mgongo ukutani. Akamwuliza kwa nini. Kwa sababu sina mtumwa wa kunisugua, mzee akajibu. Hadrian akampa watumwa na pesa za kuwatunza. Siku iliyofuata mfalme anaingia, anakuta wazee kadhaa wamejipanga wanajisugua ukutani kwa bidii. Akawaambia wasuguane wao kwa wao. Kila anayesimulia hii stori huishia kwa kicheko, na ni ya kuchekesha kweli. Lakini angalia kilichomo. Ukivua nguo zote, bado mtu anaonekana kwa aliyesimama nyuma yake na kikwaruzo. Na huyo aliyesimama nyuma, hata kwenye utani huu, anagawiwa kama zawadi.

Nguo zenyewe ukizivua unaweza usizipate. Mji wa Bath kule Uingereza, ambako Warumi walijenga bafu kwenye chemchemi ya maji moto, wachimbaji walipata vibao vya risasi kama 130, vingi vikiwa ni maombi kwa mungu wa kike Sulis Minerva amshughulikie mwizi. Mtu kaibiwa joho, mwingine glavu, mwingine vazi la kuogea. Wanaomba mwizi asilale, asipate afya, awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au huru. Tulikuwa na kesi kama hizo za viatu kila wiki. Sisi hatukuwa na Minerva, tulikuwa na bosi, na alitukata mshahara.

Usafi nao tusiukuze sana. Daktari Celsus aliwaonya wenye vidonda vibichi wakae mbali na bafu, kwa sababu kidonda huchafuka na kuoza. Mfalme Marcus Aurelius, alipotaka mfano wa kitu cha kuchukiza, alifikiria maji ya kuoga yenye mafuta, jasho na uchafu. Na mwaka wa 2016 mtafiti Piers Mitchell wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha matokeo baada ya kukusanya ushahidi wa minyoo na vimelea kwenye maeneo ya Kirumi: pamoja na mabafu, vyoo na mifereji yote ile, minyoo ya tumboni haikupungua. Maji ya uvuguvugu ya kushirikiana yanaweza kuwa sehemu ya sababu, na mbolea ya kinyesi cha watu mashambani pia. Ndoo yangu ya plastiki ya shilingi 30, maji mapya kwa kila kichwa, huenda ilikuwa safi kuliko dimbwi la mfalme. Hiyo sikuitegemea.

Mwaka wa 537 Wagothi walipouzingira mji wa Roma walikata mifereji ya maji, na mabafu makubwa yakanyamaza. Desturi haikufa, ilihamia mashariki, ikawa hamamu ya Waislamu, na kwa njia hiyo ikafika hadi kwetu pwani: Sultani Barghash alijenga mabafu ya umma Mji Mkongwe wa Zanzibar miaka ya 1870 au 1880, na mtaa ule bado unaitwa Hamamni. Ukienda leo unalipa kiingilio uone vyumba vikavu.

Usiku ule jamaa wa grupu aliniuliza, sasa wewe unataka tusijenge? Nikamwambia nataka tujenge, tena jana. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinaahidi maji safi ya kutosha na viwango vya kuridhisha vya usafi, na mama wa watoto watatu anayelipa 90 kuwaogesha kabla ya shule hajaiona hiyo ahadi. Bafu la umma mtaani, shilingi tano, au bure kwa watoto kama kule Vipasca, na wanawake wasilipe mara mbili. Tuna jua Warumi hawakuwahi kulitumia hivi: vipasha maji vya jua viko kwenye mapaa ya mahoteli kote nchini, havihitaji mtu wa kumeza moshi saa kumi alfajiri. Bado atahitajika wa kusafisha, wa kulinda nguo, wa kutengeneza bomba likipasuka. Huyo ndiye huwa anasahaulika bajeti ikisomwa, halafu anaajiriwa kijana aliyeacha chuo kwa 350, bila glavu.

Mheshimiwa akitaka aandike jina lake kwenye kibao, na aandike. Hata ng'ombe achonge. Gharama pia iandikwe, kama Pompeii, na chini yake uongezwe mstari mmoja unaosema anayefanya kazi pale ndani analipwa ngapi kwa siku.

Jamaa alinijibu na alama moja tu, ya moto. Sijui kama alielewa.